Nusu ya Doti

Kethia alimjua kwa mgongo.

Katikati ya umati ule wa watu waliovaa kama watu wa zamani, wafalme wa kadibodi, wapiganaji waliojifunga mabati, wanawake wenye magauni mapana kama mahema, ulipita mgongo mmoja wenye joho la kijani, bega la kushoto limepanda juu kidogo kuliko la kulia. Bega lile alilijua. Aliwahi kulilalia kwenye basi kutoka Houston mpaka Dallas, akasinzia, akaota, akaamka, na mwenye bega hakuwa amesogea hata kidogo asije akamwamsha.

Lakini Wilfred alikuwa kazini. Asubuhi ileile alimwandikia kwamba amepangiwa shifti ya ghafla maabara, kule Houston, na kwamba roho inamuuma kuikosa siku yake kubwa.

Sindano ikamchoma kidole.

“Ju ya nini unakodoa macho vile?” aliuliza tantine Marguerite. “Unashona kidole ao unashona kitambaa?”

Tantine Marguerite alikuwa dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea tangu Uvira, kule Kongo, akapita naye kambini Uganda, akafika naye mpaka vyumba vyao viwili vya ghorofani mtaa wa Vickery Meadow, mjini Dallas. Kwenye tamasha hili alikataa katakata kubadili mavazi. “Mimi sivai nguo za wazungu waliokufa,” alisema. Lakini taji la bati lilimvutia, akalipachika juu ya kilemba chake cha kitenge, na tangu asubuhi hakulivua hata alipokwenda msalani.

“Nimeona mtu anafanana na Wilfred,” alisema Kethia.

“Wilfred si yuko kazi?”

“Ndiyo. Yuko kazini.”

“Basi hujamwona.” Tantine akatafuna karanga taratibu, akapangusa ngozi zake kwenye paja. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, “Ao umemwona.”

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, kusini mwa Dallas, ukishaiacha barabara kuu iendayo Houston. Jumamosi za kawaida watu wa mashamba huuza hapo mayai, asali, mbuzi na viti vya mitumba, mbele ya mahakama ya matofali mekundu. Mara moja kwa mwaka, maua ya buluu yakishachanua kando ya barabara, soko hugeuka kuwa tamasha la mavazi ya kale. Kethia, ambaye siku za juma hufunga maboksi kwenye ghala, alikodi hema kwenye kona, karibu na zizi la farasi. Alikodisha magauni aliyoyashona mwenyewe, na kushona papo kwa papo pindo zilizokanyagwa.

Ilipaswa kuwa siku ya furaha, kwa sababu Jumamosi iliyofuata wazee wa upande wa Wilfred walikuwa waje kutoka Stafford, pembeni mwa Houston, kumposa rasmi. Tantine alikuwa amekubali shingo upande. “Mtanzania wa Houston!” alisema siku aliyoambiwa. “Mbali vile, nani atajua analala wapi? Sawa, waje. Lakini nikisikia harufu ya bibi mwingine kwa ile nyumba, hata harufu tu, ninafunga mlango. Na wewe hautalia mbele yangu.” Kethia alikuwa ameitikia bila wasiwasi, maana siku ile alikuwa na uhakika.

Sasa alitoka nyuma ya hema, akapiga simu.

“Wili. Uko wapi?”

“Kazini, Keti wangu.” Sauti ilikuwa ya mtu anayenong’ona huku anatembea. “Leo wagonjwa ni wengi, tumejaa mpaka mlangoni. Vipi, wateja wanakuja?”

“Wanakuja. Hapo kwenu kumetulia?”

“Kimya kabisa. Maabara unaijua.”

Wakati uleule, kule uwanjani, mpiga tarumbeta akapuliza kuwaita watu kwenye mashindano ya farasi. Sikio moja la Kethia likasikia tarumbeta kutoka uwanjani. Sikio la pili likaisikia kutoka kwenye simu.

“Nini hiyo?” aliuliza taratibu.

“Ni... mashine, mpenzi. Mashine ya damu. Nitakupigia.”

Simu ikakatika. Kethia akabaki ameishika kifuani, juu ya blauzi yake. Mashine ya damu inayopiga tarumbeta! Angekuwa mtu mwingine angecheka. Yeye aliitia simu mfukoni. Akarudi hemani, akakaa kwenye kigoda chake, na hakumwambia tantine neno, maana angemwambia, Jumamosi ingekuwa imekufa papo hapo.

Hata uzi haujaingia vizuri kwenye tundu la sindano, hodi ikasikika.

“Hodi hapa. Nimeambiwa kuna fundi anayejua Kiswahili.”

Alikuwa mwanamke mrefu, mnene wa wastani, ndani ya gauni la mahameli ya zambarau lililokodishwa kule langoni. Uso wote ulifichwa na kinyago chenye rangi ya dhahabu, juu yake kofia yenye shela nyeusi, na mikono ameivalia glavu nyeupe mpaka kwenye viwiko. Pindo la gauni lilikuwa limenaswa na kigingi cha hema, likachanika, kipande kikamfuata nyuma kama mkia.

“Karibu, madame,” alisema tantine akimsogezea kiti. “Nani alikuambia tunasema Swahili?”

“Watu,” alisema yule mwanamke. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua.

Hakuketi. Matundu ya kinyago yalielekezwa kwa Kethia, wala si usoni. Yalitazama blauzi. Yakapanda kwenye mikono yake iliyofungwa mafundo mabegani, yakashuka kwenye kiuno, yakarudi kifuani, yakabaki pale.

Blauzi ile ndiyo ilikuwa fahari ya Kethia. Ilikuwa kanga ya manjano iliyokolea, pindo lake la buluu lenye michoro ya korosho nyeupe, aliyoletewa na Wilfred wakati wa Krismasi. “Imetoka nyumbani,” Wilfred alimwambia, “itunze.” Alitaka kuongeza kitu, midomo ikafunguka, aibu ikamshika, akacheka tu kile kicheko chake cha kuangalia viatu. Kethia alikwenda nayo moja kwa moja kwenye cherehani. Pindo la korosho akalizungusha kiunoni, lisikose hata korosho moja.

“Blauzi nzuri,” alisema mwenye kinyago, kwa namna ambayo mtu husema chakula kimeungua.

“Asante.”

“Umeikata mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

“Kwa mkasi?”

Swali gani tena hili? “Kwa meno ingechukua siku nyingi,” alijibu Kethia, na tantine akacheka mpaka taji likainama. Mgeni hakucheka.

“Haya. Nishonee.”

Kethia akapiga magoti, akalishika lile pindo lililochanika, akaligeuza ili ashone kwa ndani. Na pale ndani, chini ya mahameli ya kukodi, akaona kanga imefungwa kiunoni. Ya manjano iliyokolea, yenye pindo la buluu na korosho nyeupe.

Sindano ikasimama hewani.

Akatazama tena. Korosho zilikuwa zilezile, na hata lile doa dogo la rangi ya buluu iliyovuja kiwandani, karibu na ncha, lilikuwepo. Yeye lake alilificha kwenye mshono wa kwapa.

Kwao Kethia jambo hili halihitaji kuelezwa na mtu. Mwanamume akinunua kitambaa kimoja akakigawa kwa wanawake wawili, amekwisha kusema. Wake wenza ndio huvalishwa sare, ili kila mmoja amwone mwenzake sokoni na ajue wako wawili. Kwa hiyo ndiyo maana ya “itunze”. Ndiyo maana ya aibu ile na kutazama viatu. Na ndiyo maana ya shifti ya ghafla! Bibi wa Houston ametaka kumwona bibi wa Dallas, na mwenye mali amemleta kwa gari lake.

Shavu la mguu wa yule mwanamke lilikuwa karibu kabisa na sindano. Kethia alilitazama. Ingekuwa rahisi sana.

Lakini mkono, ukishazoea kazi, una adabu yake. Ukaendelea kushona wenyewe, mishono midogo midogo, ya karibu karibu.

“Pete hiyo ni ya nani?” Sauti ilitoka juu.

“Ya mtu.”

“Wa wapi?”

“Wa Houston.”

“Ahaa. Amekuposa?”

“Jumamosi ijayo ndugu zake wanakuja.”

“Na unampendea nini? Kazi yake? Gari?”

Tantine akaacha kutafuna. Kethia akavuta uzi, akajibu bila kuinua kichwa. “Gari lake halina kipoza hewa. Kazi yake inamnyima usingizi. Nampenda kwa sababu nikisinzia hasogei.”

Kitambaa cha mahameli kikatikisika, kama mtu aliyehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

“Unamwamini?”

“Mpaka leo asubuhi nilimwamini.”

“Na leo kumetokea nini?”

“Leo kumetokea mambo.”

“Binti, nikuulize jambo. Ukimkuta na mwanamke mwingine, utafanya nini? Utapiga kelele? Utachana nguo? Maana kuchana naona unajua.”

Binti! Anajifanya mkubwa kabisa. Kethia akapitisha sindano mara ya mwisho, akapiga fundo, akainama akakata uzi kwa meno. Kisha akasimama, akajikung’uta magoti. Alikuwa mfupi kwa kichwa kizima, lakini alisimama karibu.

“Nitamaliza kazi yangu kwanza, nisije nikadaiwa. Halafu nitamuuliza huyo mwanamke mwenyewe. Nimemaliza, madame. Sasa ninakuuliza. Hiyo kanga uliyoifunga ndani, nani alikupa?”

Glavu nyeupe zikakunja ngumi.

“Na mimi ninakuuliza. Hiyo uliyoivaa, nani alikupa ruhusa ya kuikata?”

“Kanga gani?” Tantine alikuwa amekwisha kusimama. Bila kubisha hodi akashika gauni la mahameli, akalipandisha, akaona. Karanga zikamwagika. “Ee Mungu wangu! Korosho zilezile! Voilà! Voilà, Kethia! Nilisema nini? Si nilisema? Bibi yake njo huyu! Amekuja mpaka hapa na uso wa karatasi kutuchekelea!”

“Niachie nguo, mama.”

“Mama yako nani? Mimi niko mama ya mtoto huyu! Toa hicho kinyago tukuone. Toa, ao ninakitoa mimi!” Na mkasi mkubwa wa kukatia ulikuwa mezani, tantine akaushika, si kwa ubaya, bali mkono ulitaka kitu cha kushika.

“Hakuna Jumamosi!” alisema tantine, taji limelalia sikio. “Umesikia, Kethia? Nimefunga mlango. Hakuna mtu wa Stafford atakanyaga kwangu!”

Kethia alisikia. Maneno yalipita ndani yake kama maji baridi. Alianza kuivua pete, kidole kikiwa kimevimba kwa joto, pete ikakataa. Akaivuta. Ikakataa tena.

Hapo pazia la hema likafunguka, akaingia mwenye joho la kijani, kofia yenye unyoya, na vikombe viwili vya maji ya limau.

“Mama, si tulikubaliana utamwangalia kwa mbali tu, utaniharibia—”

Alikuwa Wilfred. Akamwona Kethia na pete nusu ya kidole. Akaona mkasi. Maji ya limau yakamwagikia viatu, na kwa mara ya kwanza hakuviangalia viatu vyake. Alimwangalia yeye, macho yamemtoka kama ya mtu aliyeona nyumba yake inaungua.

“Mama?” aliuliza Kethia.

Mwenye kinyago akashusha pumzi. Akavua kofia na shela, akavua kinyago, akakiweka juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Nywele zilikuwa za mvi, zimesukwa mistari minne. Uso ulikuwa wa mwanamke wa makamo aliyeanza kuzeeka vizuri, umelowa jasho, na macho yalikuwa ya Wilfred.

“Ninaitwa Melania,” alisema. “Nimetoka Muheza, Tanga. Niko kwa mwanangu Stafford tangu wiki iliyopita. Na mafua haya nimeyapata kwenye ndege, msidhani nilikuwa naigiza sauti.”



“Kwetu,” aliendelea Mama Melania, “doti ya kanga ina vipande viwili. Sijui kwenu. Mama mkwe wangu alibaki na kimoja, akaniletea kimoja, nikakiweka sandukuni mzimamzima. Siku ya harusi akaja na chake, vikaunganishwa kwa uzi, nikafunikwa navyo kichwani. Hivyo ndivyo alivyonipokea. Na mimi nikanunua hii, nikamtumia kijana wangu kipande kimoja, nikamwambia ampelekee binti, amweleze.” Akamgeukia mwanawe. “Ulimweleza?”

“Nilimwambia aitunze,” alisema Wilfred kwa sauti ya chini.

“Aitunze!” alisema mama yake. “Basi nimekuja nimwone mke wa mwanangu kabla hajajua anaonwa, kama mimi nilivyoonwa. Nakuta kanga yangu imekatwakatwa, imefanywa mafundo ya mabega. Nikasema, huyu ametukataa, na anatutangazia sokoni.”

“Kukataa?” Kethia alijikuta anasema kwa nguvu. “Mama, kwetu kitambaa cha ukweni hakikai sandukuni! Kikikaa kimekunjwa, watu wanasema msichana hataki, anangoja kukirudisha. Ukikipenda unakishona, unakivaa, watu wakuone. Nilikishona siku aliyonipa. Nimekivaa leo kwa sababu leo ni siku yangu kubwa.”

“Na maneno yake? Kanga ina maneno. Umeyatupa?”

Kethia akageuza ukingo wa blauzi, upande wa kushoto wa kifua. Ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuona isipokuwa anayevaa, maneno yalikuwa yameshonewa mazima, herufi zote zipo: UMEFIKA NYUMBANI.

“Sikutaka yakae mgongoni,” alisema. “Nilidhani yeye ndiye aliyeyachagua.”

“Niliyachagua mimi,” alisema Mama Melania, na sauti yake ikakwama, si kwa mafua.

Tantine Marguerite hakuwa mtu wa kuyeyuka haraka. Alirudisha taji mahali pake. “Sawa. Lakini mtu anakuja kuchungulia mtoto wa watu amejificha uso? Kwetu tunabisha hodi, tunapewa kiti.”

“Ningebisha hodi, dada yangu, mngenipikia, mngenichekea. Ningeona nini?”

“Na sasa umeona nini?”

Mama Melania akainua pindo la mahameli, akalipitisha kidole kwenye mshono. “Nimeona msichana aliyedhani mimi ni mke mwenzake. Nilijua, nilimwona anavyoutazama mguu wangu. Na ameshona hivi. Hebu tazama. Mimi nisingeweza. Mimi ningechoma.”

“Nilifikiria,” alisema Kethia.

“Najua ulifikiria.”

Wilfred akajikohoza. Akasogea hatua moja, unyoya wa kofia ukigusa paa la hema. “Keti, mpenzi, umeona? Hapakuwa na mwanamke. Mama ndiye alisema nisikuambie—”

“Mama hakushika simu,” alisema Kethia.

Wilfred akarudi nyuma ile hatua moja.

“Mama hakusema mashine ya damu. Ulisema wewe, kwa mdomo wako, na sauti tamu. Tena bila kusita sana.” Alimtazama. Alimpenda, hilo halikuwa na shaka, hata kofia ile ya kipuuzi aliipenda. Lakini kitu kidogo kilikuwa kimeamka ndani yake tangu tarumbeta ile, na hakikutaka kulala tena kwa sababu tu mambo yamekwisha vizuri. “Sasa kila utakaponiambia uko kazini, nitasikiliza kama kuna farasi.”

“Nifanye nini?”

“Sijui bado.”

Pete ilikuwa bado imekwama pale pale, katikati ya kidole. Wote wanne waliiona. Hakuisukuma ndani, wala hakuivuta nje.

Mama Melania hakumtetea mwanawe. Aliingiza mikono chini ya mahameli, akahangaika na fundo, akaitoa kanga yake, ya manjano iliyokolea, haijapata mkasi tangu dukani. Akaitandaza juu ya meza, akaipangusa mikunjo kwa kiganja. Alikaa ameitazama kidogo, kama mtu anayeaga. Kisha akachukua mkasi kutoka mkononi mwa tantine Marguerite, aliyeuachia bila kupenda, akampa Kethia kwa upande wa mpini.

“Kata.”

“Mama, hapana. Hiki ni cha harusi.”

“Huwezi kuunganisha kanga na blauzi. Nitakufunikaje navyo kichwani? Kwenu wa nyumba moja wanavaa sare, si ndivyo? Nishonee kama yako. Na mafundo ya mabega nayataka.”

Tantine Marguerite akatazama juu, akatazama chini, akatafuta pa kuweka macho. “Mafundo atayaweza?” aliuliza mwishowe. “Ana mabega mapana.”

“Jumamosi utaniambia, dada,” alisema Mama Melania. “Ukifungua mlango.”

Tantine aliinama, akaanza kuokota karanga zake, na kwa mtu anayemjua, hilo lilikuwa jibu.

Mama Melania akanyoosha mikono pembeni, glavu nyeupe na yote, na kufumba macho kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Kethia akavua futi ya kupimia shingoni, akaizungusha kwenye mabega yale mapana. Yalikuwa hayalingani. La kushoto lilipanda juu kidogo.

“Na mimi?” aliuliza Wilfred mlangoni, vikombe vitupu mkononi.

“Wewe katuletee maji mengine ya limau,” alisema Kethia, pini mdomoni. “Na uende unapiga kelele njia nzima, nisikie ulipo.”